Upendo Ana Sita, Neema Ameoza Kitako

Daktari alinisomea presha yangu, 160 kwa 100, akaniambia nipunguze chumvi na mawazo. Chumvi niliipunguza siku ile ile. Mawazo ndiyo yakawa kazi, maana mengi ya kwangu yana tarehe zake: kodi, ada, marejesho ya mkopo.

Mwenzangu wa ofisini akanipeleka semina ya kujitambua, ukumbi mmoja pale Sinza, kiingilio na soda ndani. Mhamasishaji alivaa suti nyeupe na viatu vyeupe. Jembe huyu hajalishika, nikasema moyoni, lakini somo lake lote lilikuwa kilimo. "Moyo wako ni shamba!" Tukaitikia. "Usipopanda wewe, magugu yatajipanda yenyewe!" Tukapiga makofi, mama mmoja wa mstari wa mbele akalia kabisa. Mwishoni akatupa zoezi la kwenda nalo nyumbani: panda miche mitano, kila mmoja uupe jina la kitu unachotaka kiote ndani yako, ongea nayo kila alfajiri, na majina hayo mtu asiyajue. "Siri yako na udongo wako!"

Basi nikanunua miche ya nyanya, Tengeru 97, mbegu iliyotoka kwa watafiti wa Tengeru kule Arusha. Udongo wetu wa Mbezi ni kichanga, ukimwaga maji huyaoni tena, kwa hiyo nilijaza viroba vitano kwa udongo wa kununua na samadi iliyooza vizuri, nikavipanga nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba cha watoto. Nikapandikiza jioni, jua limepoa. Kila kiroba nikakichomekea kibao kidogo: Subira, Neema, Upendo, Furaha, Rehema. Maandishi nikayageuzia ukutani, zoezi lisije likaharibika.

Mtu pekee niliyemtajia majina ni bwana shamba wa duka la pembejeo. Ningefanyaje? Huwezi kumweleza mtu ugonjwa kwa simu ukisema "ule mche wa tatu kutoka kushoto, siyo kushoto kwako."

Na zoezi lilifaa, sikatai. Nikishaswali alfajiri natoka na ndoo yangu, namwagilia, naongea. Namwuliza Subira ameamkaje. Namsifia Furaha. Kazini nikaanza kujibu barua pepe za bosi bila kwanza kufunga mlango na kutukana.

Ila nyanya siyo mmea wa kumpa mgonjwa wa presha. Yule mhamasishaji angetuambia tupande mchicha, ndani ya mwezi tungekuwa tumekula na tumepona. Nyanya inataka kuegemezwa kwenye mti na kufungwa kamba. Inataka kupunguzwa vichipukizi. Inataka maji kwa kipimo, maana ukiisahau siku mbili kisha ukaja kuifidia kwa ndoo nzima, tunda linaoza kitako. Halafu usiku anakuja kantangaze, yule nondo aliyeingia nchini mwaka 2014 akawaliza wakulima wa Arusha kabla hajashuka huku kwetu. Funza wake anatoboa jani anaishi ndani kwa ndani, mpaka jani linakuwa kama limepigwa pasi ya moto. Nilikuwa naamka usiku wa manane na tochi kwenda kuwakagua. Hayo ndiyo mapumziko niliyoandikiwa.

Mwezi wa saba mama mkwe akaja kutoka Muheza kumwona mjukuu. Mimi na yeye ni watu wa heshima tupu: namwamkia kwa mbali, kwenye simu nimemwandika "Mama Muheza", mdomoni ni Mama, basi. Akapewa chumba cha watoto. Mke wangu ni muuguzi, na siku hiyo alikuwa zamu ya usiku.

Alfajiri, nikiwa bustanini, bwana shamba akapiga. Mtandao ulikuwa mbovu, nikalazimika kupaza sauti. Yeye mama mkwe alikuwa macho, dirisha wazi kwa ajili ya joto, na alichokisikia ni upande wangu tu:

"Wazima, bwana, tunashukuru. Upendo ana sita sasa hivi, na wengine wako njiani."

"Neema ndiye ananinyima usingizi. Ameoza kitako."

"Eee, nimemmulika mwenyewe usiku kwa tochi."

"Subira nimemfunga kamba kwenye mti. Nikimwachia tu, analala chini na watoto wake."

"Furaha nimempaka maji ya mwarobaini mwili mzima, lakini yule wa usiku bado anakuja."

"Nani, mke wangu? Wala! Hawajui hata kwa majina."

Asubuhi ile mama mkwe hakunywa chai. Nilimwamkia akaitikia akiwa ameutazama ukuta. Mke wangu aliporudi wakajifungia chumbani, na alipotoka akaniwekea uji usio na sukari wala neno. Nikadhani zamu ilikuwa nzito. Nilichoona ajabu ni kwamba vocha za simu ziliisha mle ndani, na mtoto akatumwa dukani kununua nyingine, kisha nyingine tena.

Jumapili wakafika wageni: mjomba wa mke wangu kutoka Muheza, mkulima wa machungwa, na shemeji zangu wawili. Tukakaa sebuleni. Mjomba akaomba dua ndefu, akajikohoza.

"Baba Latifa, hatukuja kugomba."

"Karibuni sana, mjomba."

"Dini imeruhusu mpaka wanne, na ina utaratibu wake. Sasa hao Upendo na wenzake tumesikia ni wanne. Ukijumlisha na binti yetu wanakuwa watano. Hesabu hii umeitoa wapi?"

Nilichoelewa mimi ni kwamba siri ya semina imevuja. Aibu ikanishika, mtu mzima kukutwa anaongea na nyanya. Hiyo ya wanne na watano ilinipita juu ya kichwa.

"Mjomba, mnisamehe. Niliambiwa nisimtajie mtu."

"Uliambiwa na nani?"

"Ni watu wa semina. Tulikuwa ukumbi mzima."

Mama mkwe akajifunika kanga usoni.

"Na unakaa nao wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Hii hapa. Tangu masika."

Shemeji mkubwa akasimama, mjomba akamrudisha kitini kwa mkono. "Tulia. Na hao watoto sita wa Upendo, ni kweli?"

"Sita ilikuwa mwanzoni mwa wiki, mjomba. Wawili walishaiva, tukawakata kachumbari ya juzi. Hata Mama alikula, akasifia."

Mama mkwe alitoka mbio kuelekea uani akiwa ameziba mdomo. Mke wangu ndiye wa kwanza kuelewa. Nilimwona akianza kutetemeka mabega, nikadhani analia, kumbe amejiuma kanga asicheke mbele ya mjomba wake. "Baba Latifa," akasema alipopata pumzi, "hebu waoneshe hao wake zako."

Tukatoka msafara mzima. Mjomba akachuchumaa mbele ya viroba, akavigeuza vibao kimoja kimoja, akavisoma kwa sauti, kila kimoja akinitazama usoni. Hakuna aliyesema kitu. Kutoka nyuma nikamsikia mama mkwe akimnong'oneza binti yake: "Heri wangekuwa wanawake. Wanawake tungejua pa kuanzia."

Mjomba, yeye ukulima ulishamzidi nguvu. Akashika jani, akalipindua, akanusa.

"Subira umemweka karibu mno na Neema. Hawapati hewa."

"Nitawatenganisha, mjomba."

"Na huyu Furaha mpunguzie maji. Mwanamke gani huyu anaogeshwa asubuhi na jioni?"

Shemeji mdogo akaketi chini kabisa, machozi yanamtoka kwa kicheko. Nami nikaona mambo yameshapita, nikaanza kutafuta njia ya kuwarudisha ndani kwenye pilau. Mjomba akawa amefika kiroba cha mwisho. Kilikuwa kitupu, udongo umekauka, kibao kimelala pembeni. Akakiokota.

"Na huyu Rehema, yuko wapi?"

"Huyo alipata mnyauko, mjomba. Ule ugonjwa hauna dawa, na alikuwa anaambukiza wenzake. Nikamng'oa na mizizi yake yote, nikamchoma moto pale jalalani."

Mjomba akainuka polepole, akajikung'uta magoti. Mke wangu hakuwa anacheka tena. Alikuwa ananitolea macho na kutikisa kichwa, ishara ambayo ingenifaa sentensi moja nyuma.

"Dada Rehema," mjomba akamgeukia mama mkwe, "umesikia?"

Jioni ile mke wangu alinipima presha, akabadilisha betri za kipimo, akanipima tena.

Jumatatu nilichelewa kazini kwa sababu nilipitia kwanza kununua mche. Safari hii nilichukua mchungwa, tena wa kubebeshwa, ghali kuliko zile nyanya zote kwa pamoja. Nimeupanda mbele ya nyumba karibu na geti, kibao kimetazama barabarani, na picha yake ameshatumiwa Mama Muheza. Alama mbili za bluu zilitokea hapo hapo. Jibu bado nalisubiri.