Kitabu cha wageni kimeniumbua

Wakuu, najua stori ya mimi kuumbuka kazini imeshawafikia, yule jamaa yangu wa ofisini mdomo hauna breki. Ila kaongeza chumvi. Sikulia, macho yaliniwasha tu.

Jana niko na vijana wapya wa kazini, projekta inawaka, nawapigia soga za enzi zetu, jinsi tulivyokuwa tunasaka vya bure mtandaoni. Nikawapa Project Gutenberg, vitabu bure tangu 1971, wavuti yenyewe haijazaliwa. Nikawapa ile kamera ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Cambridge, kuanzia 1993 mpaka 2001 watu duniani kote wanachungulia birika la kahawa kama limejaa, kahawa ambayo hawatainywa kamwe (na mimi nilikuwemo, msinicheke). Vijana midomo wazi. Kichwa kikavimba.

Nikasema ngoja niwaonyeshe Wayback Machine, ghala la mtandaoni la nakala za kurasa za zamani, imehifadhi mpaka kurasa za GeoCities, ile ya kujitengenezea ukurasa wako bure, iliyofungwa 2009. "Hata ukurasa wangu upo humo!" Nani alinituma jamani?

Ukafunguka taratiiibu. Nyota kwenye giza. Kibao cha "tunajenga" na kale kajitu kanakochimba, miaka yote hii bado kanachimba. Chini kaunta ya bure: wewe ni mgeni wa 61. Dogo mmoja akauliza, kwa siku? Nikakohoa. (Na hao 61 wengi ni mimi nilikuwa nairudia kuifungua, lakini hayo tuyaache.)

Ningeishia hapo ningepona. Jamaa yangu ndo kashika mausi, akabofya kitabu cha wageni, pale wanaotembelea ukurasa wanapoacha maoni, nacho cha bure, ulikuwa unabandika mistari michache ya msimbo (code) tu kinakubali. Akaanza kusoma kwa sauti. Mgeni wa kwanza: "Ukurasa mzuri sana, hongela." Wa pili, jina la Kizungu kabisa: "Nimejifunza mengi, hongela." Wa tatu kajiita Profesa: "Hongela kijana, endelea hivyo hivyo."

Kimya.

Akashuka chini. Wageni 9. Wote hongela. Wote saa 8 usiku, usiku mmoja. Na humo ofisini mtu anayeandika "hongela" ni mmoja tu, wiki iliyopita nimetuma imeli ya pongezi kwa idara nzima. Nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja.

Nikachomoa waya wa projekta, nikasema umeme, nikatoka.

Leo asubuhi nimekuta karatasi mezani. "Wasilisho zuri sana, hongela." Sahihi: Profesa.