Mzee wa suti na Mkuki Unaowaka

Jumapili iliyopita, saa mbili asubuhi, niko kwenye matatu naelekea mjini. Dereva ameweka reggae ya Burning Spear, tena kwa sauti ya wastani, si ile ya kupasua masikio. Mzee mmoja mbele yangu, suti ya kijivu, Biblia ya zipu mapajani, akamgeukia makanga: "Kijana, zima hiyo ngoma ya wavuta bangi. Huyo mtu anauliza swali moja tangu tutoke steji!" Kisha akatoa noti ya mia mbili alipe nauli.

Nikaiangalia ile noti. Pale mbele ya jengo la KICC ameketi Jomo Kenyatta, rais wetu wa kwanza, kwa sanamu. Na huyo anayeimba kwenye spika, Winston Rodney wa St. Ann's Bay, Jamaica, alichukua jina lake la usanii kwa huyohuyo Kenyatta, aliyekuwa akiitwa Mkuki Unaowaka, yaani Burning Spear. Nilitaka kumweleza mzee. Sikuthubutu, mtu mzima ni mtu mzima, na ilikuwa Jumapili. Kwa hiyo mtabeba ninyi.

Rodney hakuingia kwenye muziki kwa mlango wa mbele. Mwaka 1969 alikutana na Bob Marley huko milimani St. Ann, Bob na punda wake, ndoo na miche, anakwenda zake shambani. Rodney akamwambia anataka kuimba. Bob akamwelekeza studio ya Studio One, kwa mwenyewe Coxsone Dodd. Basi. Leo kijana angeambiwa kwanza atafute wafuasi elfu kumi.

Sasa tazama mwaka huohuo huku kwetu. Julai, waziri Tom Mboya akapigwa risasi Nairobi mchana kweupe. Oktoba, wananchi wakamiminiwa risasi Kisumu, Kenyatta mwenyewe akiwa amekuja kufungua hospitali. Siku chache baadaye KPU, chama cha upinzani, ikapigwa marufuku. Kwa hiyo wanaosema Rodney alijipa jina la mtu asiyemjua vizuri, haya, nawaachia hilo, shingo upande. Yeye alimchukua Kenyatta wa Kapenguria, yule aliyeshtakiwa na wakoloni. Sisi tukabaki na yule mwingine.

Lakini lililonichoma ni hilo la kurudiarudia. Mzee, ule ndio wimbo wenyewe! Katika "Slavery Days" Spear anauliza kama tunazikumbuka siku za utumwa. Anauliza tena. Anauliza mpaka unaanza kuona aibu kwamba hujajibu. Wimbo huo umo katika albamu ya 1975 iliyotengenezwa na Jack Ruby na kupewa jina la Marcus Garvey, mtetezi wa watu weusi, mzaliwa wa St. Ann's Bay hiyohiyo, 1887.

Mwanahistoria C.L.R. James wa Trinidad aliandika jambo alilosimuliwa na Kenyatta mwenyewe: kwamba mwaka 1921 wazalendo wa Kenya wasiojua kusoma walikuwa wakimzunguka msomaji wa gazeti la Garvey, makala inasomwa mara mbili, mara tatu, mpaka waikariri. Kisha kila mmoja anashika njia yake msituni, anakimbia kwenda kuwarudilia wengine yote aliyoyasikia. Miaka hamsini na kitu baadaye anatokea kijana wa mtaa mmoja na Garvey, amevaa jina la Kenyatta, anaturudilia Garvey vilevile, mara mbili, mara tatu, tarumbeta zikiitikia. Na anayelalamika ni mtu anayekwenda kuimba pambio la mistari miwili kwa dakika ishirini!

Najua wajuaji watanikumbusha kwamba Garvey hakuwa Rasta, na kwamba alimshambulia Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia anayeabudiwa na Marasta, kwa maneno makali baada ya mfalme kukimbilia Uingereza. Ni kweli. Spear amewaimba wote wawili zaidi ya nusu karne. Nitajieni dini ambayo haijawahi kuwakalisha meza moja watu waliogombana.

Kuhusu bangi: wapo wanaovuta, na wapo wazee wa kanisa wanaokunywa. Tuendelee.

Huyu "mvuta bangi" alipoona lebo ya Island Records imeichanganya upya ile albamu yake ya Garvey ili iwaingie wazungu, alikasirika akaanzisha lebo yake. Akabeba Grammy 2000, akabeba nyingine 2009, na mwaka 2023, akiwa amepita miaka sabini na mitano, akatoa *No Destroyer*. Hapa kwetu ilibidi Mahakama Kuu iamue mwaka 2019 kwamba Urasta ni dini, eti ndipo msichana mwenye rasta zake aruhusiwe kuingia darasani. Msichana. Darasani. Na waliomfukuza walijiona wanalinda maadili.

Makanga alipunguza sauti kidogo, kwa heshima. Tulipofika Ngara akaipandisha tena, zamu hii wimbo wa Garvey wenyewe. Mzee aliposhuka mjini alikuwa bado ananung'unika, Biblia kwapani: "Maakasi Gaavi, Maakasi Gaavi, kila saa Maakasi Gaavi!"

Nilihesabu. Mara tatu.