Senti 33 kwa picha: masoko ya picha mtandaoni yanamlipa nani?

Walimu wa "hela zinazoingia ukiwa umelala" wanayapenda sana masoko ya picha. Piga picha leo, ipakie Shutterstock, Adobe Stock au Alamy, na kila atakayeipakua kwa leseni atakuachia kitu, miaka nenda rudi. Hawadanganyi. Ila hesabu huwa wanairuka.

Juni 2020 Shutterstock ilibadili malipo yake. Mchangiaji, yaani mwenye kupakia picha, hupata asilimia 15 hadi 40 ya bei, kutegemea picha zake zimepakuliwa mara ngapi mwaka huo, na kila Januari 1 anarudishwa ngazi ya chini kabisa. Mteja akiwa wa kifurushi kikubwa, yaani amelipia picha nyingi kwa mpigo, fungu la mpiga picha laweza kushuka hadi senti 10 za dola. Baadhi ya wachangiaji waligoma, wakaziondoa picha zao sokoni. Kampuni haikurudi nyuma. Adobe Stock ina nafuu: asilimia 33 kwa picha na 35 kwa video, na picha ya kifurushi haishuki chini ya senti 33. Lakini hutoi hela mpaka zifike dola 25. Kwa senti 33, hiyo ni picha kupakuliwa mara 76, na mwenye picha hamsini za machweo anaweza kungoja sana.

Tena kuna makato. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo asilimia 30 ya kinachotokana na wanunuzi wa huko hukatwa kabla hujakiona.

Basi kwa nini watu wajisumbue? Kwa sababu mlango hauna bawabu. Hakuna anayeuliza cheti wala unamfahamu nani. Picha ikiwa kali na haina chengachenga, inapita. Na kuna pengo la kweli. Simba, mgunga na jua linalozama vimejaa hadi vinamwagika, kila mtalii kaleta vyake. Kinachopatikana kwa shida ni maisha yetu ya kawaida: wakala wa pesa akihesabu noti kibandani, fundi cherehani barazani, wakulima wa mwani kule Paje, Zanzibar, darasa la sekondari ya kata. Wachapishaji wa vitabu, benki na mashirika ya misaada wanazihitaji picha hizo, na anayeishi jirani nazo ana faida ambayo mgeni wa wiki moja hana.

Bahati mbaya, hapohapo kwenye faida ndipo penye mtego. Picha yenye sura inayotambulika haiuzwi kwa matangazo bila fomu ya ridhaa iliyosainiwa na mwenye sura, na kwa mtoto, mzazi au mlezi. Bila fomu, inabaki kwa habari na elimu tu, ambako wanunuzi ni wachache. Wengine huona fomu hiyo ni urasimu wa Wazungu. Mimi naona ndiyo sehemu yenye heshima katika biashara hii nzima. Mama wa mwani akishasaini, uso wake unaweza kutokea kwenye tangazo la mkopo katika nchi asiyoijua, na zile senti 33 zinaingia kwa mpiga picha, si kwake. Aelezwe hivyo kwa Kiswahili, na alipwe chake siku hiyohiyo. Sheria nayo haijalala: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ya 2022, na mwaka 2023 kamishna wa data wa Kenya aliitoza faini klabu ya usiku ya Nairobi kwa kutumia picha za wateja bila ridhaa yao.

Sasa imekuja akili bandia. Adobe ilitoa Firefly mwaka 2023, mashine ya kutengeneza picha iliyofunzwa kwa picha za soko lake. Shutterstock nayo iliwauzia OpenAI, wenye ChatGPT, data ya kufunzia mashine zao, ikaanzisha mfuko wa kuwalipa wachangiaji. Kikombe cha kahawa mezani sasa mashine inakitengeneza, na anayetegemea picha za aina hiyo namshauri atafute kazi nyingine. Soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi ni jambo jingine: mhariri anataka pahala penyewe, si panapofanana napo.

Kwa mizani yangu, masoko haya yanamfaa anayepiga picha tayari kwa kazi nyingine, mwenye mamia ya picha nzuri zilizolala kwenye diski. Anayenunua kamera kwa mkopo akitegemea yatamlipia marejesho, simshauri kabisa. Tuseme hoteli ya Zanzibar inanunua picha kumi moja kwa moja kwako, kila moja Sh20,000. Hiyo ni laki mbili. Kwa senti 33 ungehitaji kupakuliwa zaidi ya mara mia mbili. Na kwa kuwa Shutterstock na Adobe Stock hazidai ziuze peke yao, picha zilezile zinaweza kubaki sokoni huku hoteli ikizitumia, mradi mkataba na hoteli usiipe haki ya kuzimiliki peke yake.