Wazee wamishenari Cyprus: waacheni watembee

Kuna maneno nayasikia kila wazee wa Kizungu wakitumwa huku Cyprus kwa kazi ya kanisa, ati hawa hawajaja kuhubiri, wamekuja kula pensheni ufukweni. Wakiposti picha tu wamesimama na kofia zao mbele ya magofu, mtu anakomenti "misheni au holidei?" Mimi nasema waacheni watembee, tena watembee sana.

Nawasema hasa wale wa Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wamezoea kuwaita Wamormoni, wanaokuja mke na mume wakishastaafu. Hawa si wale vijana wawili wawili wa shati jeupe na tai. Wanajilipia wenyewe, kodi ya nyumba, chakula, kila kitu, na kugonga milango ya watu si kazi yao kubwa. Kazi yao ni ile haipigwi picha: kumpeleka mtu hospitali, kupanga viti kabla ibada haijaanza, kupika. Mimi si wa kanisa lao, ni Muanglikana wa Mombasa, lakini mezani kwao nimekula na nimeona. Mama anakupakulia mara ya pili bila kukuuliza, huku Mzee yuko pembeni miwani imemshuka puani anampitishia dada mmoja Mfilipino mkataba wake wa kazi, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Huyo dada Jumapili ndiyo siku yake ya kutoka, kama wenzake wengi wa kazi za nyumbani, ukifika Nicosia siku hiyo utawakuta wamejaa bustanini na vyakula vyao. Kijana wa miaka ishirini angeshaangalia saa. Mzee wa sabini hana haraka.

Sasa tuje kwenye kutembea kwenyewe. Hii ndiyo Kipro ya Matendo 13 jamani. Barnaba ni mtu wa hapa, yeye na Paulo walishukia Salami wakakata kisiwa mpaka Pafo, na ni huko Pafo Elima mchawi alipopofuka mbele ya liwali Sergio Paulo. Mtu amehubiri sura hiyo miaka thelathini halafu mnataka apite hapo asitazame? Paphos, ndiyo hiyo Pafo, kuna nguzo ya jiwe wanasema Paulo alifungwa pale akachapwa viboko 39. Biblia yenyewe haisemi hivyo, ni mapokeo tu, mimi nguzo hiyo hainishtui. Kinachonishtua ni Larnaca, kanisa la Lazaro, unashuka ngazi chini ya madhabahu unaingia kwenye kijichumba cha mawe, dari ya chini mpaka unainama, na pale wenyeji wanakwambia Lazaro aliyefufuliwa alikuja kuwa askofu wao akafa mara ya pili akazikwa hapo. Kisha ukitoka, mwendo mfupi tu wa gari, kando ya ziwa la chumvi, uko msikiti wa Hala Sultan Tekke na kaburi la Umm Haram, anayehesabiwa katika jamaa wa Mtume, aliyeanguka kutoka kwa nyumbu wake kwenye msafara wa Waarabu karne ya 7. Waislamu wangapi wa Pwani wanalijua kaburi hili? Na ukienda msimu wa baridi ziwa lina heroe, tele.

Huko kutembea ndiko mtu anakofunguka. Siku waliyonibeba hao wazee kwenda milima ya Troodos, Mzee anaendesha roho mkononi maana huku tunashika kushoto kama nyumbani na yeye ni Mmarekani, kila raundabauti Mama anaita "kushoto, kushoto!" mpaka tukafika juu ya monasteri ya Kykkos kwenye kaburi la Askofu Mkuu Makarios III. Nikawaambia huyu ni wetu kidogo. Waingereza walimtupa Seychelles 1956, akarudi akawa rais wa kwanza wa Cyprus 1960, na 1971 alikuja Kenya akabatiza maelfu ya watu, ile seminari ya Waorthodoksi pale Riruta Nairobi ina jina lake. Hawakuwa wanajua. Njia nzima ya kurudi ni maswali, na mimi ambaye sipendi kuongea habari za kwetu niliongea mpaka habari za mamangu.

Lawama yangu kwao ni moja. Wengi wakivuka kwenda kaskazini, upande wa Waturuki maana kisiwa kimegawanyika, wanaenda moja kwa moja kwenye magofu ya Salami na kaburi la Barnaba, picha, wanarudi. Na upande huo umejaa wanafunzi Waafrika, wengine ajenti aliwaambia watasoma na kufanya kazi na kazi hawakuiona, ada inawakaba koo. Hao ndio wa kuketi nao nusu saa kwenye chai.

Na makanisa yetu je? Nesi mstaafu wa Likoni mwenye nguvu zake, mwalimu mkuu aliyestaafu na mkewe, mbona hatuwatumi popote, tunawangoja tu kwenye harambee? Mkiwatuma huku msiwalete Agosti, Nicosia joto linapita 40. Waje Machi, na sweta ya mlimani, pasipoti mfukoni kila wanapovuka kaskazini, na chaja zao wazibebe vilevile, soketi za huku ni za pini tatu kama za kwetu.