Kutembea Venice bila ramani: raha ya mgeni, mzigo wa mwenyeji

Kila anayekwenda Venice, Italia, hupewa ushauri uleule na waliomtangulia: zima ramani ya simu, ingia vichochoroni, potea. Ushauri huo nauunga mkono. Ila wanaoutoa huusifu kana kwamba haumgharimu mtu yeyote, na hapo ndipo tunapoachana.

Uzuri wake unatokana na jinsi mji wenyewe ulivyojengwa. Umekaa juu ya visiwa vidogo zaidi ya mia moja, vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya 400. Zamani kila kisiwa kilijitegemea kwa kanisa lake, uwanja wake na kisima chake cha kuvunia maji ya mvua, kwani maji ya bomba kutoka bara hayakufika hadi 1884. Watu na mizigo walipita majini, njia za miguu zikafuata nyuma. Ndiyo maana kichochoro huweza kukufikisha ukingoni mwa mfereji kikaishia hapo hapo: palikuwa pa kupandia mashua. Namba za nyumba nazo huhesabiwa kwa wilaya nzima badala ya mtaa, na katika wilaya ya Castello zinavuka 6,000, kwa hiyo hata mwenye anwani kamili hulazimika kuuliza. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja anaielewa hali hiyo bila kuelezwa. Mji wa namna hii ukiufuata kwa ratiba ya saa kwa saa, utakachokiona zaidi ni foleni: Basilika ya San Marco, Kasri la Doge (mtawala wa Venice wa zamani), daraja la Rialto, kisha kituo cha treni.

Wanaopinga kutembea bila mpango wana hoja ya maarifa, nayo si ya kupuuzwa. Kaskazini mwa mji, katika wilaya ya Cannaregio, kuna kiwanja kiitwacho Campo dei Mori chenye sanamu za mawe za wanaume waliovaa vilemba, mmoja wao akiwa na pua ya chuma. Hatua chache kutoka hapo ni nyumba aliyoishi mchoraji Tintoretto, na karibu yake liko kanisa la Madonna dell'Orto, alikozikwa, ambamo michoro yake mikubwa ingalipo. Anayetangatanga huipiga picha ile pua, akapita zake. Hasara hiyo ni ya kweli. Lakini tiba yake ni kusoma kabla ya kusafiri, na mtu anaweza kusoma sana bila kujipangia hata saa moja.

Hoja nzito zaidi ni ya wenyeji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mji huo wa visiwani ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 wakashuka chini ya 50,000. Katika uwanja wa San Bartolomeo, jirani na Rialto, duka moja la dawa limeweka dirishani kibao cha kielektroniki kinachoonyesha idadi yao, ili kila apitaye aone. Nyumba nyingi zimegeuzwa za kupangisha wageni kwa siku chache, kodi zimepanda, na duka lililouza nyama au mboga leo linauza vinyago vya kanivali. Waliobaki wamejibanza zaidi pembezoni: upande wa mashariki wa Castello, Sant'Elena, kingo za mifereji ya Cannaregio. Huko huko ndiko ushauri wa kupotea unakotupeleka, na manispaa yenyewe imekuwa ikihimiza wageni watoke njia kuu ili msongamano upungue. Kwa mtu aliyeanika nguo zake juu ya kichochoro, nafuu ya San Marco ni usumbufu mlangoni pake. Siwezi kumwambia kwamba amekosea.

Hata hivyo, nikipima pande zote mbili, naona kosa haliko katika kutembea bila mpango. Liko katika ufupi wa ziara. Wengi huingia asubuhi na kuondoka jioni. Mgeni anayekaa kwa muda wa saa sita tu hana nafasi ya kupotea, maana akipotea atakosa treni, kwa hiyo anabaki kwenye njia ileile ya maelfu. Anayelala usiku tatu au nne hununua matunda sokoni Rialto asubuhi, hurudi kwenye mkahawa uleule, na hujifunza kushusha sauti chini ya madirisha ya watu.

Manispaa nayo inaelekea kuliona hilo. Tangu 25 Aprili 2024 mgeni wa kutwa hulipa euro 5 katika siku maalumu zilizotangazwa, 29 kwa mwaka huo, ilhali anayelala mjini hasamehewi kodi ya malazi lakini haguswi na ada hiyo. Mwaka 2025 siku zikawa 54, na aliyechelewa kujiandikisha akatozwa euro 10. Wapinzani wanasema kiasi hicho hakimzuii mtu aliyekwisha kulipia ndege, nami nakubaliana nao. Faida yake ni kwamba kinatenganisha wazi aina mbili za wageni.

Linabaki jambo ambalo wasifiaji wa kupotea, wengi wao wenye pasipoti zisizoombewa viza, hawaligusi. Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeomba viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo, hutakiwa kuonyesha mahali atakapolala, tiketi ya kurudi, fedha za kujikimu na bima ya afya ya angalau euro 30,000. Akishafika, sheria ya Italia inamtaka mgeni aonyeshe pasipoti au kibali chake polisi wakimuuliza, kwa hiyo kichochoroni usiku awe nayo mfukoni. Huo si uhuru sawa na wa Mjerumani. Lakini fomu ya viza inahitaji kujua utalala wapi, haihitaji kujua mchana utapita mtaa gani. Anayetaka kuuona mji huu vizuri aache ile ratiba ya miji mitano kwa wiki moja ambayo mawakala wa safari hupenda kuuza, aandike Venice peke yake kwa usiku zote alizonazo.