Kiitaliano Hakipitii Uingereza

Jumapili tulikuwa Mikindani, huku kwetu Mtwara, kwenye shughuli ya familia. Pilau limeshaliwa, watu wamejinyoosha mikekani, nami nikatoa daftari langu. Baba mdogo akaliona. "Unasoma nini, mwanangu?" Nikamwambia Kiitaliano, najifundisha mwenyewe, huu mwezi wa tatu. Akaniangalia kwa upole, maana ni mtu mwema, akasema: "Kiingereza chenyewe hujakimaliza. Kamilisha hicho kwanza, ndipo uende huko." Watu wakaitikia. Nikasema sawa, baba mdogo, daftari nikalirudisha mkobani. Usiku usingizi haukuja, na leo naandika yale ambayo mbele ya wakubwa sikuweza kuyasema.

Si kweli. Si kweli kabisa kwamba Mswahili akitaka lugha ya Ulaya ni lazima apite kwanza kwa Mwingereza kuomba ruhusa.

Mimi mwenyewe niliamini hivyo. Programu niliyoipakua kwenye simu ilinitaka nichague lugha ya kujifunzia. Kiswahili hakimo, nikachagua Kiingereza. Wiki ya kwanza nikakutana na maneno ho fame (hiyo h haitamkwi). Maelezo yakanitahadharisha: huku Italia mtu hasemi yeye "yu mwenye njaa" kama asemavyo Mwingereza, husema ana njaa, ni jambo geni, likariri hivyo hivyo. Geni kwa nani? Ho fame, nina njaa. Ho sete, nina kiu. Ho sonno, nina usingizi. Ho fretta, nina haraka. Ho paura, nina hofu. Hata umri: ho trent'anni, nina miaka thelathini. Neno kwa neno! Siku mbili nzima nilikuwa nakitoa Kiswahili changu, nakipeleka Kiingereza kikapindishwe, halafu nakileta Kiitaliano kikanyooshwe tena, na mwisho kinarudi vile vile kilivyotoka nyumbani.

Nikafunga maelezo, nikaanza kuandika daftarini Kiitaliano upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Mambo yakafunguka. Ti vedo, nakuona. Angalia hiyo ti ilivyokaa mbele ya kitendo, kama -ku- yetu inavyokaa. Yule anayeonwa, Mwingereza anamweka nyuma, kwa hiyo vitabu vyake vinatumia kurasa kadhaa kumzoesha. Mi piace il caffè: kahawa yanipendeza. Wakiwa samaki wengi, kitendo kinabadilika kwa ajili yao, mi piacciono, kama sisi tunavyosema wananipendeza. Parlo, parli, parla: nazungumza, unazungumza, anazungumza. Mtendaji yumo ndani ya neno, wao wamemweka mkiani, sisi kichwani. Na ukiwa umekulia kwenye kitabu kipya, vitabu vipya, nyumba mpya, mtoto mpya, utashangaa nini ukiambiwa libro nuovo, libri nuovi (kitabu kipya, vitabu vipya), porta nuova, porte nuove (mlango mpya, milango mipya)? Sisi tunao upatanisho wa kisarifi tangu tukiwa mgongoni mwa mama. Tena mkoa huu wengi wetu tunao mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kimakonde au Kimwera.

Matamshi ndiyo yaliyoniuma zaidi. Irabu karibu zile zile, a, e, i, o, u, na karibu kila neno linaishia kwa irabu. Mkazo kwa kawaida uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu: doMAni, aMIco. Yapo yanayotoroka, kama teLEfono na TAvolo, lakini hayo unayashika kidogo kidogo. Halafu mtu anafungua video akafundishwe na Mwingereza jinsi ya kutamka "domani", wakati angelisoma tu kama anavyosoma "nyumbani".

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba vitabu na video nyingi ziko kwa Kiingereza, na mimi bado nazitumia. Nakubali pia kwamba jinsia za maneno ni kazi: mkono ni wa kike, la mano, na tatizo ni la kiume, il problema. Hapo Kiswahili hakikusaidii, wala Kiingereza, ni kukariri.

Lakini tazameni vijana wa Kiwengwa kule Unguja, na wa Malindi kule Kenya. Wengi wamekipata Kiitaliano kwa masikio, ufukweni na hotelini, kwa wageni wenyewe. Na wamisionari wa Kiitaliano waliofika kwetu waliandika hadi kamusi ya Kiswahili na Kiitaliano. Wao waliona njia ya moja kwa moja ipo. Kwa nini sisi tuione haipo?

Jirani yangu hapa Chikongola, mama mmoja aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, alinisikia nikirudia porta, porta. Akasema, "Hiyo hata kwetu kwa Kireno ni mlango." Tangu siku hiyo tunakaa kibarazani jioni tukilinganisha: casa na casa (nyumba), amico na amigo (rafiki), vino na vinho na mvinyo wetu, bandiera na bandeira na bendera. Hajasoma hata darasa moja la Kiingereza, na kwangu ni mwalimu.

Baba mdogo nampenda, na nitarudi Mikindani na daftari lile lile nimwoneshe ukurasa wa nina njaa. Namheshimu mno kumwacha na jibu la "sawa".

Jana usiku nilimrekodia sauti mdogo wangu aliyeko Kiwengwa: Mi senti? Unanisikia? Akajibu: Ti sento, dada. Nakusikia. Kisha akaniambia hiyo sonno bado siivuti vizuri, n ni mbili, nisipoivuta inakuwa sono, "mimi ni". Rudia, dada. Nikarudia mpaka bando likaisha.