Mawe Yameonekana. Je, Ndiyo Yanayouma?

Mtu ana tumbo linalojaa gesi, kiungulia kisichoisha na maumivu yanayohamahama. Anatumwa kupiga altrasaundi, na majibu yanarudi: kuna mawe kwenye mfuko wa nyongo. Kuanzia hapo nyumbani hakuna anayeuliza kama mawe hayo yanahusiana na kiungulia. Wanauliza operesheni ni lini na itagharimu shilingi ngapi.

Altrasaundi ni hodari wa kuona mawe, ila maumivu haiyaoni. Wengi wanaokutwa na mawe hawajawahi kuhisi dalili yoyote, na sehemu kubwa yao hawatahisi maisha yao yote. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mawe, akawa na vidonda vya tumbo pia, na kisu kikatoa kile kisichomuuma.

Zamani ukubwa wa kidonda wenyewe uliwafanya watu wasite. Carl Langenbuch alitoa mfuko wa nyongo kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882, na kwa karne nzima iliyofuata njia ilikuwa hiyohiyo: kuchana tumbo. Septemba 1985 daktari mwingine Mjerumani, Erich Mühe wa Böblingen, aliutoa kwa kupitisha vifaa kwenye matundu madogo. Wenzake walimbeza, lakini baada ya miaka michache njia hiyo ilikuwa imeenea Ulaya na Marekani. Mgonjwa alirudi nyumbani mapema, na kovu halikuonekana sana. Nani angekataa?

Takwimu za jimbo la Maryland, Marekani, zilizochapishwa mwaka 1994, zinaonyesha kilichofuata. Hatari ya kufa kwa kila operesheni ilishuka kwa takriban theluthi moja. Lakini kiwango cha kutoa mfuko wa nyongo kilipanda kwa asilimia 28, na idadi ya waliokufa kutokana na operesheni hiyo ikabaki palepale. Kwangu mimi hayo ndiyo matokeo mazito kuliko yote katika habari hii. Operesheni ilikuwa salama zaidi kwa mtu mmoja mmoja, ila ilifikia watu ambao zamani wangeachwa na mawe yao.

Na matundu madogo hayakuja bila madhara yake. Kukata mrija mkuu wa nyongo kwa bahati mbaya, ajali inayoweza kumtesa mgonjwa miaka mingi, kuliongezeka kulinganisha na upasuaji wa wazi. Uchunguzi wa ajali 252 za aina hiyo, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa karibu zote zilitokana na macho kudanganyika: daktari aliuona mrija mkuu akadhani ni ule mdogo anaotakiwa kuukata.

Je, nani hasa apasuliwe? Huko Uholanzi wagonjwa 1,067 wenye mawe na maumivu ya tumbo waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. Kundi la pili lilipasuliwa tu kama maumivu yalikuwa makali, ya vipindi, yanayodumu angalau dakika 15 hadi 30, juu ya tumbo katikati au kulia, yanayopenya mgongoni na yanayotulia kwa dawa za kawaida za maumivu. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hawana maumivu walikuwa asilimia 60 katika kundi la kwanza na 56 katika la pili. Kwa hiyo masharti makali hayakuthibitika kuwa sawa na huduma ya kawaida. Lakini tazama upande wa pili wa namba hizo: katika kundi la kwanza, ambamo watu 75 kati ya 100 walipasuliwa, 40 kati ya 100 bado waliumwa.

Uingereza nayo ilifuatilia watu 434, wengine wamepangiwa upasuaji na wengine kusubiri, matokeo yakatoka mwaka 2023. Baada ya miezi 18, robo tu ya waliopangiwa kusubiri ndio waliokuwa wamepasuliwa, na maumivu ya makundi mawili hayakutofautiana. Wanaopenda kisu watajibu, na wana hoja, kwamba theluthi moja ya waliopangiwa upasuaji nao walikuwa hawajafanyiwa.

Kusubiri kuna mipaka. Mfuko ukishavimba, ushahidi unageuka. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2013 uliwapasua baadhi ya wagonjwa ndani ya saa 24, wengine wakapewa antibayotiki na kupasuliwa kati ya siku ya 7 na ya 45. Waliopata madhara walikuwa karibu asilimia 12 kwa wa mwanzo na 34 kwa waliocheleweshwa.

Hapo ndipo nasita kuhamisha ushauri wa kusubiri, unaotokana na utafiti wa Uingereza, hadi Afrika Mashariki kama ulivyo. Mwingereza anayesubiri, mfuko ukivimba usiku, anapiga simu na gari la wagonjwa linakuja. Aliye safari ya siku nzima kutoka kwa daktari bingwa wa upasuaji hasubiri katika hali hiyo. Mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ana shida ya peke yake: chembe nyekundu za damu zinavunjika mapema, mawe yanajitokeza tangu utotoni, na maumivu ya mawe yanafanana na ya selimundu yenyewe. Kumpasua kwa dharura ni hatari kuliko kumpasua akiwa ameandaliwa kwa maji, oksijeni na damu.

Na pale pasipo na kamera inayohitajika kwa njia ya matundu madogo? Mjini Sheffield, mwaka 1996, madaktari walilinganisha matundu madogo na mchano mdogo wa kawaida kwa wagonjwa 200. Waliwafunga wote bandeji za aina moja ili wagonjwa na wauguzi wasijue nani kafanyiwa nini. Makundi yote mawili yalilazwa kwa siku tatu usiku, na mchano mdogo ulichukua dakika 40 badala ya 65. Hospitali ya mkoa yenye daktari mwenye mkono mzuri isijione duni.

Yule mwenye kiungulia wa mwanzo ningemwanzishia kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo na dawa zake, huku nikimweleza waziwazi dalili za kumkimbiza hospitali: maumivu yasiyoachia kwa saa nyingi, homa, macho kuwa ya njano. Tumbo likitulia, mawe yabaki. Likiendelea kumbana upande wa kulia kila baada ya mlo, ndipo tupange siku ya kupasua, kabla mfuko haujavimba.